Kwa Nini Freti za Gitaa Hazikubaliani Daima na Sikio

Mkoa wa Njombe una kata mbili ziitwazo Mjimwema. Moja imo katika mji wa Njombe, na ya pili imo Makambako, mji ambamo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu iendayo Zambia, na ambamo reli ya TAZARA hupita. Pande zote mbili mbao za misindano hupatikana kwa urahisi, maana nyanda hizi ni nchi ya misitu ya kupandwa. Basi kijana wa huko apendaye muziki, lakini asiyekuwa na fedha za kununua gitaa la dukani, hana haja ya kukata tamaa. Ubao mnene humpatia shingo, ubao mwembamba au debe humpatia sanduku la sauti, na waya wa breki za baiskeli ukichambuliwa humpatia nyuzi.

Useremala wenyewe kwa kawaida si tatizo. Tatizo huanza pale anapofika kwenye vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, ambavyo wapigaji huviita freti. Njia inayomjia fundi kwanza ni kuazima gitaa la dukani, kupima kwa rula umbali wa kila freti, na kuuhamishia kwenye ubao wake milimita kwa milimita. Kisha, kwa kuwa sanduku lake ni fupi kidogo, huliweka daraja la nyuzi sentimita tatu karibu zaidi na shingo. Nyuzi zikikazwa na kupigwa wazi, zote huitika vizuri. Lakini kidole kikibana freti ya saba, sauti huwa kali kupita kiasi. Kikibana ya kumi na mbili, sikio hukataa kabisa. Wasikilizaji husema mbao ni mbichi au waya haufai. Mbao na waya havina kosa. Kosa ni la hesabu, na hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Uzi na urefu wake

Uzi uliokazwa kati ya viegemeo viwili hutetema mara kadhaa kwa kila sekunde, na idadi hiyo ya mitetemo ndiyo inayoamua kimo cha sauti, yaani kama sauti ni nene au nyembamba. Idadi hiyo hutegemea mambo matatu: urefu wa uzi (L), mkazo wake (T), na uzito wa kila mita ya uzi (m). Kanuni yake huandikwa hivi:

f = (1/2L) × √(T/m)

Maana yake ni kwamba uzi ukifupishwa kufikia nusu, mitetemo huongezeka mara mbili. Sauti hiyo ya pili ndiyo iitwayo oktava ya ile ya kwanza. Mkazo haufuati utaratibu huo. Ili kuipandisha sauti oktava moja kwa kukaza tu, uzani unaovuta uzi lazima uzidishwe mara nne, si mara mbili. Kwa karne nyingi vitabu vya Ulaya vilirudia hadithi ya Pythagoras iliyosema mara mbili yatosha, na inaelekea hakuna aliyejisumbua kutundika mawe akahakikisha, hadi alipotokea Vincenzo Galilei, mpigaji wa luti wa Italia katika karne ya 16. Huyu ndiye baba yake Galileo, mwanasayansi maarufu.

Freti hufanya kazi ya kufupisha uzi. Gitaa la kawaida hugawa oktava moja katika hatua 12 zilizo sawa. Neno "sawa" hapa ndilo linalowapoteza mafundi wengi, kwa sababu usawa unaokusudiwa si wa milimita. Sikio halihesabu tofauti kati ya mitetemo, bali huhisi uwiano wake. Kwa hiyo kila freti lazima iubakize uzi kwenye sehemu ile ile ya urefu uliotangulia, na sehemu hiyo ikirudiwa mara 12 izae nusu kamili. Namba inayotimiza sharti hilo ni kipeuo cha 12 cha 2, yaani takriban 1.05946. Urefu wa uzi ukigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni urefu unaobaki baada ya freti ya kwanza, ukigawanywa tena, ni urefu baada ya freti ya pili, na kadhalika. Huu ni mfuatano wa kijiometri kama ule unaofundishwa darasani kwa mifano ya riba ya benki.

Kwa uzi wa milimita 650, urefu wa magitaa mengi, freti ya kwanza hukaa milimita 36.5 kutoka kiegemeo cha juu, ya pili 70.9, ya tatu 103.4, ya nne 134.1, ya tano 163.1, ya saba 216.2, na ya kumi na mbili 325, ambayo ndiyo nusu. Freti huzidi kukaribiana kadiri mtu anavyoteremka kuelekea kwenye daraja, jambo ambalo kila mpigaji ameliona kwa macho hata kama hajaulizwa sababu.

Sasa kosa la fundi wetu laweza kupimwa. Wataalamu hugawa kila hatua moja ya gitaa katika sehemu 100 ziitwazo senti, hivyo oktava nzima ni senti 1,200. Kipimo hiki kilitangazwa mwaka 1885 na Mwingereza Alexander Ellis, aliyekitumia kulinganisha ala za muziki za mataifa mbalimbali. Fundi amenakili freti za uzi wa milimita 650, lakini daraja lake liko kwenye milimita 620. Freti ya kumi na mbili iko milimita 325 kutoka juu, kwa hiyo kinachobaki si 310 bali 295. Uwiano wa 620 kwa 295 ni 2.10, na sauti hupanda senti 1,286 badala ya 1,200, karibu hatua nzima ya ziada. Kwenye freti ya saba kosa ni senti 42. Sikio lililozoea muziki huweza kutambua tofauti ya senti tano hivi, kwa hiyo hapa hapahitajiki mtaalamu.

Dawa yake ni moja: fundi aamue kwanza daraja litakaa wapi, apime urefu wote wa uzi, ndipo akokotoe freti zake mwenyewe. Kikokotoo cha shuleni chatosha. Asiyekuwa nacho aweza kutumia kanuni aliyoieleza Vincenzo Galilei mwaka 1581: gawa urefu kwa 18, weka freti, kilichobaki kigawe tena kwa 18, weka freti, endelea hivyo hivyo. Kanuni hii si kamili. Kwa uzi wa milimita 650 freti ya kumi na mbili huangukia milimita 2.4 kabla ya nusu, na kwa hesabu tupu oktava hupungua senti 12 na zaidi kidogo. Hata hivyo mafundi wa Ulaya waliitumia muda mrefu, na magitaa na luti zao hazikulalamikiwa sana. Sababu yake inapatikana katika kitendo chenyewe cha kubana uzi.

Kidole, waya na baridi ya Njombe

Kanuni iliyotajwa juu huchukulia kwamba uzi unafupishwa bila kuguswa mkazo wake. Kidole hakiwezi kufanya hivyo. Uzi hupita juu ya freti ukiwa umeachana nazo, na ili uiguse freti ni lazima ushushwe, na kushushwa ni kuvutwa. Mkazo huongezeka, na sauti hupanda kidogo kuliko hesabu ilivyotaka.

Tuseme uzi mwembamba wa chuma uko milimita 3 juu ya freti ya kumi na mbili. Ukibanwa, hurefuka kwa chini ya sehemu tatu za mia za milimita. Kiasi hicho hakionekani, lakini chuma ni kigumu kuvutika, na huko kuvutika kidogo huweza kuipandisha sauti kwa senti 5 hivi. Kama uzi uko milimita 6 juu, kama ilivyo katika magitaa mengi ya kujitengenezea, kosa haliongezeki mara mbili bali mara nne, likafikia senti 20. Hii ndiyo sababu kanuni ya 18 ilifaa kuliko ilivyostahili: upungufu wa hesabu yake ulifidiwa na nguvu ya kidole. Ndiyo sababu pia viwanda vya leo husogeza daraja nyuma kwa milimita chache, na kulilaza mshazari ili nyuzi nene zipate urefu mkubwa zaidi. Uzi mnene wa chuma haupindi kwa urahisi, nao huhitaji fidia zaidi.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Uzi uguswe kidogo tu kwa kidole juu kabisa ya freti ya kumi na mbili bila kubanwa, kisha upigwe: utatoa oktava safi, kwa sababu umegawanyika wenyewe nusu kwa nusu. Halafu ubanwe kwenye freti hiyo hiyo, upigwe tena. Sauti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, daraja lirudishwe nyuma. Ikiwa chini, lisogezwe mbele. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na yafaa ifanywe kabla ya kulipigilia daraja misumari.

Nyuzi zilizolegea huathirika zaidi kuliko zilizokazwa, kwa kuwa mvuto ule ule mdogo wa kidole ni sehemu kubwa zaidi ya mkazo uliopo. Fundi anayeogopa kukata waya wake, akauacha umelegea, anajiongezea kosa bila kujua. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki hauna shida hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu nailoni huvutika sana tangu mwanzo na nyongeza ya kidole huwa si kitu.

Baridi nayo haikosi sehemu yake katika mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chuma kikipoa husinyaa. Uzi uliofungwa pande mbili hauna nafasi ya kufupika, kwa hiyo hukaza, na sauti hupanda. Kwa uzi mwembamba, kushuka kwa nyuzijoto 10 huweza kuleta tofauti ya senti 10 hivi, hata baada ya kuondoa kusinyaa kwa mbao zenyewe. Mambo ni kinyume kwa matarumbeta ya makanisani. Humo kinachotetema ni hewa, na mwendo wa sauti hewani hupungua kwa baridi: kutoka mita 346 kwa sekunde penye nyuzijoto 25 hadi mita 337 penye nyuzijoto 10. Tarumbeta lisilopashwa moto kwa pumzi laweza kushuka karibu nusu ya hatua ya gitaa. Basi asubuhi ya mwezi Julai gitaa hupanda na tarumbeta hushuka, na wapigaji hulaumiana bure. Wapo wanaodhani lawama ni ya hewa nyepesi ya milimani. Hilo si kweli, kwa sababu kanieneo na uzito wa hewa hupungua pamoja kadiri mtu anavyopanda, na uwiano wake haubadiliki. Kinachobadili mwendo wa sauti ni joto.

Kasoro isiyoweza kurekebishwa na fundi

Na ichukuliwe kwamba kijana wa Mjimwema amekokotoa vizuri, ameshusha nyuzi, amelisogeza daraja, na amesubiri jua litoke. Gitaa lake sasa ni sahihi kwa kila kipimo cha kiwandani. Akilipiga pamoja na kwaya yenye masikio mazuri, bado atasikia mgongano mdogo, hasa katika sauti ambayo wanakwaya huiita mi.

Kila uzi unapotetema hautoi sauti moja. Ndani ya sauti kuu zimo sauti tanzu, zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne, mara tano ya ile kuu, na kuendelea. Sauti mbili hupatana vizuri pale sauti tanzu zao zinapoangukia mahali pamoja. Kama do ina mitetemo 200 kwa sekunde, mi inayopatana nayo kabisa ina 250, kwa uwiano wa 5 kwa 4, maana mara tano ya 200 ni 1,000 na mara nne ya 250 ni 1,000 vilevile. Freti ya nne ya gitaa haitoi 250. Hutoa 251.98. Mara nne yake ni karibu 1,008, na tofauti ya 8 husikika kama mtikisiko wa haraka, mara nane kwa sekunde, ambao wanafizikia huuita mapigo. Sol ya gitaa iko karibu mno na ile safi ya uwiano wa 3 kwa 2: kwa do ile ile mapigo yake hayafiki hata moja kwa sekunde. Kwa hiyo gitaa hudanganya kidogo sana kwenye sol, na hudanganya kwa kiasi cha kutosha kwenye mi: senti 14.

Swali la haki ni kwa nini freti ya nne isisogezwe tu mahali panapostahili. Jibu limo katika umbo la freti. Ni chuma kimoja kilichonyooka, na kinakatiza nyuzi zote sita. Mahali ambapo ni mi kwa wimbo mmoja, ni sol au la kwa wimbo mwingine. Kila mpigaji aweza kulithibitisha hili bila kung'oa freti yoyote. Aanze na kodi ya G, na auteremshe uzi wa pili, yaani B, mpaka kodi itulie na mapigo yatoweke. Atafurahi. Kisha apige kodi ya E, ambamo uzi huo huo wa B ndio sol. Sasa uko senti 16 chini ya mahali pake, na kodi imeharibika. Anaurudisha juu, na ile ya G inaharibika tena. Wako wapigaji waliokaa miaka wakizungusha kigingi hicho kwenda na kurudi, wakidhani wana nyuzi mbovu.

Ukweli ni kwamba namba zenyewe hazikubali. Hatua 12 za sol safi, kila moja ya 3 kwa 2, zingepaswa kumrudisha mtu kwenye do baada ya oktava saba. Lakini 1.5 ikizidishwa yenyewe mara 12 hutoa 129.75, na oktava saba ni 128. Hatua tatu za mi safi zingepaswa kutimiza oktava moja, nazo hutoa 1.953 badala ya 2. Hakuna seremala awezaye kuziba pengo hilo. Linaweza kuhamishwa tu, likafichwa mahali pamoja au likagawanywa kidogo kidogo kila mahali. Kugawa pengo sawasawa katika hatua 12 ndiko kunakofanywa na gitaa la leo. Hesabu yake kamili ilikokotolewa mwaka 1584 na Zhu Zaiyu, mwanamfalme wa China wa nasaba ya Ming, na Ulaya ilifikia hesabu hiyo karibu na wakati huo huo.

Hii ina maana kwamba kwaya inayoimba mi chini kidogo ya gitaa haikosei. Utaratibu wa do, re, mi uliopokewa na kwaya nyingi za Tanzania ulienezwa katika karne ya 19 na John Curwen, mchungaji Mwingereza, na msingi wake ulikuwa kwamba mwimbaji aisikie kila sauti kwa uhusiano wake na do, si kwa kuifuata ala. Mwalimu anayeisimamisha kwaya yake kila mara na kuiamuru ipande mpaka ilingane na kinanda cha umeme, pengine anaifundisha kuacha lililo sawa. Kinanda kikipiga nayo, ni lazima kwaya ikifuate. Kikinyamaza, iachwe iimbe inavyosikia.

Freti nyingine, mapatano mengine

Hatua 12 zilizo sawa si sheria ya maumbile, na freti si mali ya gitaa pekee. Katika sehemu za Tanzania, mashariki ya Kongo, na hadi Madagaska, kumekuwako zeze la ubao: kipande kirefu cha mti, kibuyu cha kukuza sauti, na kwenye ncha moja viinuko vichache, mara nyingi vitatu, vilivyochongwa katika mti ule ule. Viinuko hivyo ni freti kamili. Kwa kuwa ni virefu, uzi unaweza kubanwa kidogo au kushindiliwa chini, na mpigaji hurekebisha sauti kwa nguvu ya kidole. Kile ambacho kwa gitaa la mbao za misindano kilikuwa kasoro, kwa zeze hili ni nafasi ya mpigaji.

Huko Baghdad, katika karne ya 8, mpigaji wa udi aliyeitwa Zalzal alifunga freti mahali ambapo hapakuwa pa mi kubwa wala pa mi ndogo, bali katikati. Al-Farabi, mwanafalsafa wa karne ya 10, aliandika uwiano wake: 27 kwa 22, yaani takriban senti 355. Gitaa halina sauti hiyo, maana freti zake zilizo karibu ni za senti 300 na 400. Udi wa leo hauna freti kabisa, na katika taarabu ya Zanzibar, ambako kikundi cha Nadi Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu mwaka 1905, vidole na fidla huzitafuta sauti hizo za katikati kwa sikio. Kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, ina vishikizo vidogo vya chuma vinavyofupisha uzi kwa kiasi kidogo kidogo, na hivyo ni aina ya freti zinazosimama na kulala. Lakini kodiani na kinanda cha kawaida cha umeme, ambacho kimetawala taarabu ya kisasa tangu miaka ya 1990, vina hatua zile 12 tu, isipokuwa vile vinanda vilivyotengenezwa makusudi kwa soko la nchi za Kiarabu. Sauti za katikati hupungua katika nyimbo si kwa kuwa waimbaji wamezichoka, bali kwa kuwa ala haina mahali pa kuziweka.

Mfano ulio karibu zaidi na Njombe uko Dodoma. Ilimba ya Wagogo, ile ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hulinganishwa kwa namna ambayo waliopima wameikuta inakaribia uwiano wa 4:5:6:7:8:9. Hizo ni sauti tanzu za uzi mmoja zilizopangwa kwa zamu. Baadhi ya wataalamu hueleza kwamba asili yake ni upinde wa muziki, ambao uzi wake mmoja huzitoa sauti hizo wenyewe bila kuulizwa. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ngazi hii ya sauti kwenye majukwaa ya nchi nyingi. Hatua zake hazilingani: ya kwanza ni senti 386, ya pili 316, ya tatu 267, ya nne 231, ya tano 204. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko senti 969 juu ya ile ya nne. Freti iliyo karibu nayo kwenye gitaa ni ya kumi, yenye senti 1,000, na kati yake na ilimba kuna senti 31. Tofauti hiyo husikika na kila mtu.

Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa Wagogo, Wahehe na wengine, alipima ala kwa uma za sauti, zile za chuma chenye meno mawili zinazoonekana maabara, zilizopangwa kwa hatua za mitetemo 4 kwa sekunde. Sauti iliyoangukia kati ya uma mbili ilikadiriwa kwa sikio. Siku hizi programu ya simu hufanya kazi hiyo papo hapo, lakini yafaa mwanafunzi ajue inavyoonyesha. Nyingi kati ya programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya gitaa. Taa ya kijani huwaka sauti ikiangukia kwenye mojawapo ya hatua 12, na ilimba iliyolinganishwa vizuri na mzee wa Kigogo huonyeshwa kwa rangi nyekundu. Simu imepima sawa. Rangi nyekundu ni hukumu ya gitaa juu ya ala isiyokuwa gitaa. Mwenye kufanya utafiti asome idadi ya mitetemo, aandike uwiano, na asiziangalie rangi.

Shule isiyokuwa na ilimba yaweza kuyasikia haya yote kwa ubao mmoja na uzi mmoja. Uzi ukazwe juu ya viegemeo viwili vilivyoachana milimita 650, na badala ya freti za chuma zifungwe kamba za nailoni kuuzunguka ubao, kama zilivyofungwa freti za luti na za udi wa kale, ili ziweze kusogezwa. Kamba ya kwanza ikae milimita 130 kutoka kiegemeo cha juu: hiyo ni mi safi, na iko milimita 4 kabla ya mahali pa freti ya nne ya gitaa. Ya pili ikae milimita 216.7, ambayo ni sol, nusu milimita tu baada ya freti ya saba. Ya tatu ikae milimita 278.6. Hapo gitaa halina kitu, kwa kuwa freti ya tisa iko milimita 263.5 na ya kumi 285.2. Ya nne ikae nusu ya uzi, milimita 325, na ya tano 361.1. Uzi uwe chini, karibu na kamba, ili kidole kisiuvute. Upigwe wazi, kisha juu ya kamba zote tano kwa zamu, na wanafunzi waimbe kila sauti kabla ya kuangalia simu.